Simba Alivyoposa kwa Tumbo

Naja na yangu?
Njoo nayo, bibi.
Ina chumvi kidogo.
Tia tu, tutakunywa maji.

Haya, kunjeni miguu. Palikuwa na mji mdogo jangwani, ukiitwa Kambi Vumbi. Mji mzuri kweli: vumbi asubuhi, vumbi mchana, na jioni upepo unakuletea vumbi la jirani. Hapo alikaa Ralia, binti Ngamia, mrefu kama nguzo, mpole, neno lake moja kwa siku, na hilo moja alilifikiria kwanza. Na hapo alikaa Kuchakuro, kinyama cha kiganjani, mdomo wake haufungwi hata akilala.

Sasa nani alimpenda nani? Hao hao. Msiniulize mimi. Kuchakuro alipanda juu ya kichuguu ili watazamane, akasema, akasema, akasema, mpaka jua likachwa. Ralia akajibu, "Endelea." Wenyewe wakaona hayo ndiyo mapenzi.

Tabu ilianza Simba alipotuma neno kwamba Ijumaa anamchukua Ralia awe mkewe. Hakuposa, alitoa taarifa. Mke wake wa kwanza alikuwa Swala, wa pili Pundamilia, na wote wawili, kwa maelezo yake, walifariki kwa ugonjwa wa ghafla, na cha kuzika hakikubaki. Mama Ngamia akalia. Mji mzima ukaja kumpa pole, kisha ukaenda kufunga milango yake. Majirani wema hao.

Kuchakuro alinyamaza siku nzima, watu wakadhani amekufa. Kumbe alikuwa anawaza mila ya Kambi Vumbi: ukinywa maziwa ya mama wa watu mbele ya shahidi, ukamwita mama, umekuwa mtoto wa ziwa lake. Na watoto wa ziwa moja hawaoani, wala hawalani. Mila hiyo hata kitoto cha jana kiliijua. Simba pia aliijua, ila tumbo lake lilikuwa halijaambiwa.

Ijumaa asubuhi Kuchakuro akamwomba Mama Ngamia maziwa yake, akapanga vibuyu vitatu mlangoni, vimefukizwa moshi, vinanukia mpaka njiani. Akamwalika Mbuni, mwenye shingo ya kuchungulia na mdomo wa kusambaza. Simba akaja, ndu, ndu, ndu.

"Hivyo si vyako, Bwana Mkubwa," akasema Kuchakuro. "Ni vya watoto wa nyumba hii. Wewe subiri maji."

"Mimi nisubiri maji?"

Akashika kibuyu cha kwanza, gudu gudu gudu, kikaisha.

"Umeshiba, mwanangu?" akauliza Mama Ngamia.

"Bado, mama."

Akashika cha pili, gudu gudu gudu, kikaisha.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Bado, mama."

Akashika cha tatu, gudu gudu gudu, kikaisha, akalamba na kifuniko.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Sasa ndiyo, mama." Akapangusa sharubu, akamtazama Ralia toka nundu mpaka kwato. "Twende, mke wangu."

Mbuni akakohoa juu ya ua. Akasema yeye si mtu wa maneno, mji wote unajua si mtu wa maneno, ila ameona vibuyu vitatu na amesikia mama tatu, na tangu aanguliwe hajasikia mtu kuoa dada yake.

Simba akafungua kinywa angurume. Kikatoka cheu tu, beuu.

Ralia hakuwa ametumia neno lake la siku hiyo. Akalitumia.

"Kaka," akasema.

Simba angefanyaje? Mvunja mila hakuna atakayemvutia maji kisimani, na kamba ya kisima Simba hajawahi kuishika. Jumapili Kuchakuro akaoa. Kaka mkubwa wa bibi harusi ndiye aliyebeba mikeka na sufuria kichwani, na shemeji yake akamzungumzisha njia nzima.

Fundisho, wajukuu zangu: oeni wa kimo chenu, maana wasiofanana hawakai. Hawa walikaa mpaka wakazeeka, lakini hilo lisiwapotoshe. Na mwenye choyo msimcheke. Simba alitoka kutafuta mke mmoja, akarudi na ukoo mzima.

Yangu nimeitua hapa. Mwenye bega aibebe.