Fuko Alivyomsikilizia Kidawa Shule

Paukwa!

— Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Wadogo kaeni mbele, wakubwa nyuma yao. Na nyie wakubwa msijifanye mna shughuli, hii ni yenu pia.

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa na shule na watu bado hawana, aliishi Fuko. Fuko alikuwa haoni. Alikuwa na binti mmoja tu, Kidawa, naye haoni. Walikaa chini ya ardhi. Walichimba, wakala mizizi, wakalala. Wakaamka, wakachimba tena.

Nchi ile ilikuwa na sheria yake ya shule. Mvua za masika zikikatika, kila mzazi huchuma jani. Jani moja, si mawili! Hulikanyaga likapata alama ya wayo wake, akalipeleka yeye na mtoto wake kwenye shule aliyoichagua. Siku ya mwisho, jua likifika utosini, basi, hapokelewi mtu. Ukikuta nafasi zimejaa, mtoto anasubiri mwaka mzima. Akisubiri miaka miwili, hapokelewi tena popote.

Na Kidawa alishasubiri mmoja.

Mwaka ule wa kwanza Fuko alimfuata jirani yake, Pundamilia. Pundamilia alisema Shule ya Jabalini, Fuko akapeleka jani Jabalini. Nchi nzima ilipeleka Jabalini! Majani yakarundikana yakawa kilima. Nafasi arobaini tu. Kidawa akarudi nyumbani, akajikunja kwenye kona, siku mbili hakugusa mzizi.

Sasa masika yamekatika tena. Pundamilia huyo, anagonga ardhi kwa kwato. Ko! Ko! Ko!

"Shoga, upo?"

"Nipo, jirani. Karibu."

"Zimebaki siku tatu, na jani lako hata hujalichuma! Peleka Jabalini, shoga. Ungeliona lango lile! Linang'aa!"

"Mimi kung'aa sikuoni."

"Ndiyo maana nakuonea mimi."

"Mwaka jana pia ulinionea."

Pundamilia akakohoa kidogo. "Mwanangu wa kwanza yuko pale. Mtoto ana adabu huyo! Akirudi nyumbani hasemi neno."

"Anajua kusoma?"

"Anajua kunyamaza!"

Usiku ule Fuko hakupata usingizi. Asubuhi akamwambia bintiye, "Mwanangu, macho sina, lakini masikio ninayo. Mwaka huu shule yako nitakwenda kuisikiliza mwenyewe."

Akaanza kuchimba. Tifu, tifu, tifu. Tifu, tifu, tifu. Akafika chini ya Jabalini. Akabandika sikio juu.

Akasikia sauti nzito: "Semeni moja!"

"Moja!"

"Semeni mbili!"

"Mbili!"

Kisauti kimoja kikauliza, "Mwalimu, baada ya mwisho kuna nini?"

Chwap! Fimbo hiyo. Kisauti kikanyamaza. Na wengine wote wakanyamaza.

Fuko akarudi nyuma polepole. Tifu, tifu, tifu.

Siku ya pili akachimba mpaka Shule ya Mtoni. Akabandika sikio. Akasikia: khoo... pyuu. Khoo... pyuu. Mwalimu Kiboko amelala! Na watoto je? Tubwi! Tubwi! Wote mtoni, wanaruka na kucheka. Fuko naye akacheka kidogo, maana watoto walifurahi kweli. Kisha akakumbuka ana jani moja tu. Akarudi nyuma. Tifu, tifu, tifu.

Ikabaki siku moja, na shule moja. Shule ya Vichuguuni. Shule hiyo haina lango. Haina ukuta. Nyasi juu, mchanga chini, wala hakuna aliyeitaja.

Asubuhi ya siku ya mwisho Fuko akachuma jani, akalikanyaga, akaling'ata mdomoni. "Kidawa, twende."

Wakachimba. Mama mbele, mtoto nyuma. Mara, gu! Gu! Gu! Juu yao wazazi walikuwa wanakimbilia Jabalini. Nyati, tembo, nyumbu, wote na majani yao. Gu! Gu! Gu! Ardhi ikatitia, njia ikaporomoka. Mbele udongo, nyuma udongo.

"Mama!" Kidawa akalia. "Tumefukiwa!"

"Chimba, mwanangu. Upande wako wa kulia kuna udongo laini. Chimba!"

Wakaanza upya. Tifu, tifu, tifu. Makucha yakauma. Udongo ukaanza kupata joto, na Fuko akajua jua linapanda. Tifu, tifu, tifu. Mwisho wakafika. Fuko akaweka sikio. Kidawa akaweka la kwake.

Kimya.

Fuko akajiuliza: Hapa nao wamenyamazishwa?

Akasikiliza tena. Hapana. Kimya hiki kilikuwa cha namna nyingine. Ndani yake mioyo ilikuwa inadunda, mioyo midogo mingi. Du-du, du-du, du-du. Walikuwa wanamngoja mtu.

Kijiti kikakwaruza mchanga juu yao, kikachora, kikaacha. Ndipo kisauti kikatoka, chembamba, cha mtoto wa digidigi.

"M... ma... ma..."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemsaidia. Walingoja.

"Ma... ji. Maji. Mwalimu, inasema maji!"

Lo! Kwato zikapiga chini, mabawa yakapigwa, mikia ikapigwa! Ardhi nzima ikatikisika, vumbi likamwagika puani mwa Fuko, naye hata hakulifuta. Manyoya yalimsimama kuanzia kichwani hadi mkiani. Maisha yake yote alijua ardhi. Alijua udongo wa kula, udongo wa kulala, udongo wa mvua. Hakujua kwamba mtu anaweza kuchora kitu udongoni, akaondoka zake, na udongo ule ukabaki unasema.

"Mama," Kidawa akanong'ona, "unatetemeka."

"Natetemeka, mwanangu."

"Hata mimi."

Udongo ulikuwa wa moto sasa. Fuko akapiga kichwa juu, pu! Wakatokea katikati ya darasa. Katikati kabisa, juu ya lile neno lenyewe lililochorwa mchangani!

"Nani huyo amefuta maandishi yangu?" Alikuwa Mwalimu Kulungu.

Fuko akatema jani. "Nisamehe, Mwalimu. Ni mimi Fuko, na huyu ni binti yangu. Jua liko wapi?"

"Bado kidogo tu lifike utosini."

"Nafasi zipo?"

"Imebaki moja." Mwalimu Kulungu akalitazama jani. Akamtazama mama, akamtazama mtoto. "Kwa nini umekuja hapa? Wenzako wote wako Jabalini."

"Nilikuwa chini yenu. Nimemsikia mtoto akisoma. Na nimewasikia wenzake wakimngoja."

Mwalimu Kulungu akasema kwa upole, "Mama, wazazi huja hapa wakaniuliza lango liko wapi. Aliyekuja kusikiliza ni wewe wa kwanza. Lakini nisikudanganye. Sisi tunaandika mchangani, watoto wanatazama. Mtoto wako haoni. Nitamfundishaje?"

Safari yote ile, hilo Fuko hakuliwaza.

Lakini Kidawa alikuwa tayari anapapasa. Nusu ya neno ilikuwa imefutika, nusu ilikuwa imebaki. Akatia ukucha kwenye mfereji ulioachwa na kijiti cha mwalimu, akaufuata.

"Hapa kuna kimstari kifupi," akasema. "Na kishimo juu yake, peke yake."

"Hiyo ni i," akasema Mwalimu Kulungu.

"Iii," akasema Kidawa. Akasogeza ukucha nyuma. "Na huyu naye ana kishimo chake! Ila mkia umepinda. Mwalimu, hawa ni ndugu?"

Watoto wakainama wote kutazama. Digidigi akasema, "Ni kweli! Mimi sikuwahi kuona!"

Mwalimu Kulungu akapiga magoti mchangani, akachukua kijiti, akaandika. Safari hii alibonyeza sana, mistari ikazama.

"Mama Fuko, lete mkono wako."

Akauweka mkono wa Fuko kwenye mstari wa kwanza, akauongoza polepole hadi wa mwisho. Herufi sita.

"Hili ni jina la mwanao. Ndilo la mwisho katika orodha yangu ya mwaka huu."

Fuko akapapasa. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Akapapasa tena. Jua likafika utosini, watoto wakatoka kwenda kula, na yeye bado yuko pale, anamgusa Kidawa mchangani kwa ncha za vidole.

Basi, wenzangu mlio wazazi, funzo ni hili: shule ya mtoto usiichague kwa macho ya jirani wala kwa uzuri wa lango. Nenda mwenyewe, usikilize watoto wa pale wanavyofundishwa, ndipo upeleke jani lako.

Hadithi yangu imeishiwa na njia, imetua hapo. Aliyeisikia amhadithie aliyesinzia.