Alama Tatu za Mama Mkwe

Hapo zamani, si zile za sungura kuvaa kanzu, zamani za juzi tu, palikuwa na nchi ambayo leseni za madereva zilikuwa hazisahau. Ukizidisha mwendo, alama. Ukipita taa nyekundu, alama. Ukilipa faini, faini imekwisha, alama imebaki. Zikitimia kumi na tano, leseni inafungiwa miezi sita, na usukani unautazama kwa macho tu.

Shigela alikuwa dereva wa pikapu ya maziwa. Alikuwa na alama kumi na mbili, na mwendo kasi ni alama tatu. Piga hesabu mwenyewe. Tajiri wake alikwisha kumwambia: leseni ikifungiwa, na kazi basi. Shigela akawa anaendesha polepole hata punda wa maji wanampita.

Siku moja habari ikaja: mkewe Kabula yuko hospitali ya wilaya, ameshikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Shigela akampitia mama mkwe wake, Bi Nyamizi. Sasa kwa watu wale, mkwe haketi bega kwa bega na mama mkwe, hamtazami usoni, na akiagizwa naye hasemi hapana. Bi Nyamizi akapanda nyuma, akajibana katikati ya madumu ya maziwa, akagonga bati.

"Mkwe wangu, kaza mwendo!"

Shigela akakaza.

"Kaza! Mwanangu anaumia peke yake!"

Shigela akakaza.

Njiani akapishana na rafiki yake Lugendo, dereva wa lori la mchanga. Desturi ya madereva mnaijua: trafiki akiwa mbele na tochi yake ya kupima mwendo, mwenzako anakuwashia taa. Lugendo hakuwasha. Akainua kidole gumba: njia nyeupe. Shigela akakaza mara ya tatu.

Kumbe tochi ilikuwa nyuma ya kichuguu! Ikampiga picha. Lakini walifika, na mtoto akazaliwa huku Kabula ameushika mkono wa mama yake.

Kesho yake Shigela akaitwa kituoni, Bi Nyamizi akamfuata. Sajenti Machumu akaweka picha mezani. Namba ya gari inasomeka, ila kioo kimepigwa na jua, sura haionekani.

"Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mimi, afande," akasema Shigela. "Mguu ulikuwa wangu. Niandike mimi."

"Usimsikilize!" Bi Nyamizi akatoa leseni mkobani. Ujanani aliendesha trekta la ushirika, na leseni yake haina hata alama moja. "Gari huendeshwa na anayesema kaza. Niandike mimi."

"Lakini mama, usukani uliushika wewe?" akauliza Sajenti.

"Niliushika."

Mara Lugendo akaingia akihema. "Afande, mimi ndiye niliyempa kidole gumba bila kutazama vizuri. Angeona taa zangu angepunguza. Niandike mimi."

Leseni tatu mezani, kosa moja. Sajenti akamgeukia Shigela. "Haya, ni kweli aliendesha mama mkwe wako?"

Shigela akatazama sakafu. Akisema ndiyo, kazi imepona, na amedanganya. Akisema hapana, kazi imekwenda, na amemwita mama mkwe mwongo mbele ya watu. Sajenti, naye mkwe wa watu, akashika kalamu. Na barabara ile, ndugu zangu, watoto wa shule huivuka kila asubuhi.

Mimi kalamu ile imenishinda, nawaachia ninyi. Je, alama zile tatu alistahili nani?