Siri, Mbwa wa Mdoe

Mbwa uliyemfunza kimya usimdai sauti. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia kaka yake asubuhi hii, kaka huyo alipokuwa akigomba kwamba binti yake ameficha maradhi mpaka yakamlaza kitandani. Nyote mlitikisa vichwa kama mnaoelewa, kisha mmenijia mniulize asili yake. Haya, kaeni. Ila msitarajie kucheka, maana maneno haya yalizaliwa msibani.

Palikuwa na msasi aitwaye Mdoe, huko Uzigua, upande wa nyika ambako vichaka hushikana hata mtu akikutangulia kidogo tu humwoni. Wasasi wengine waliwafunga mbwa wao kengele za mti shingoni ili wajue walipo. Mdoe aliwacheka. Kwake yeye, mbwa wa kelele humwita simba aje kula asichokitolea jasho, na huwaita wasasi jirani waje kudai paja. Alitaka mbwa atakayemfuata mnyama aliyechomwa mshale, ampate, alale kando yake bila hata kukoroma, mpaka bwana wake afuate nyayo na damu, afike.

Mbwa wa namna hiyo haokotwi njiani. Baba yake Mdoe ndiye aliyeanza kazi hiyo. Vitoto vya mbwa vilipofumbua macho alivibana mikia kimoja kimoja. Kilicholia sana kilitiwa kikapuni, kikapelekwa mtoni. Kilichovumilia kililelewa, na kilipokua kikapandishwa na mvumilivu mwenzake. Mdoe akaendeleza. Aliwafunga midomo kwa ukindu wangali wadogo, akawapa chakula wakinyamaza na fimbo wakibweka. Akawazoesha mluzi mmoja mrefu: mbwa akiusikia, popote alipo, alale, anyamaze, angoje kufuatwa. Mwishowe ua wake ukajaa mbwa ambao mgeni angeweza kuwakanyaga kabla hajajua kuwa wapo. Bora kuliko wote alikuwa dume mmoja mwekundu aliyeitwa Siri.

Mkewe, Mwantumu, alimwomba siku moja akiache kitoto kimoja kilichozaliwa na mdomo mwepesi.

"Baba Sikudhani, hiki tukiache. Fisi wakija bandani kitatuamsha."

"Nikikiacha kitawaharibu wenzake."

"Kelele nazo zina kazi yake."

"Kazi hiyo unaitosha peke yako, mke wangu," akajibu Mdoe, na waliokuwapo wakacheka. Kikapu kikaenda mtoni.

Sikudhani alikuwa binti yao wa pekee, aliyekuja baada ya miaka mingi, wakati Mwantumu alikwisha kata tamaa ya kuitwa mama. Alikuwa bado mdogo, wa kushikwa mkono, na Siri alimfuata kila aendako. Mchana mmoja wa vuli mama yake alikuwa akipalilia, na baba yake akinoa mishale uani. Mtoto alimfukuza panzi, au kipepeo, nani ajuaye, akaingia kichakani. Siri akaenda naye. Mara mvua ikamwagika, ikafuta nyayo zote.

Mdoe alijua kuwa mbwa yuko na mtoto, na hilo lilimtia moyo. Akatia vidole kinywani, akapiga mluzi wake mrefu, akasikiliza. Kimya. Akapiga tena. Majirani nao walipita wakiita "Sikudhani! Sikudhani!" mpaka sauti zikawakauka, na mvua ikazimeza zote. Hata jua la kesho yake lilipopanda Mdoe alikuwa bado anapiga mluzi, midomo imempasuka. Ndipo Mwantumu alipomshika mkono.

"Mume wangu, mluzi huo mbwa wako wanaujuaje?"

Mdoe akavishusha vidole kinywani.

"Si ndio wa kuwalaza? Tangu jana unamwambia Siri alale anyamaze?"

Mdoe akauchomoa mkono wake. Akavigeukia vichaka. "Siri! Bweka, baba! Bweka mara moja tu!" Sempombe, jirani yao mrina asali, alikuwa karibu, na alisema baadaye kuwa hajapata kusikia mtu mzima akiomba namna ile. Hakuna kilichojibu.

Alasiri Sempombe huyo ndiye aliyewakuta, akawaita wenzake. Sikudhani alikuwa ameteleza, ameangukia korongoni na kuvunjika mguu, mahali ambapo watafutaji walikuwa wamepita juu yake zaidi ya mara moja, mvua ikikifunika kilio chake. Baridi ilikwisha mmaliza, lakini si zamani, maana kwapani alikuwa na joto bado. Siri alikuwa amelala juu yake kumkinga mvua. Alipomwona Mdoe alitikisa mkia, akangoja kusifiwa, kama alivyofanya kwa kila paa aliyepata kumlinda.

Ndugu walitaka kumwua yule mbwa. Mdoe akasimama mbele yake.

"Kosa lake nini? Nionyesheni alipokosea."

Wakazishusha fimbo zao.

Baada ya matanga Mdoe hakuwinda tena. Kila kulipokucha alimketisha Siri uani, akapiga magoti mbele yake, akabweka. Ndiyo, wanangu, mtu mzima mwenye mvi. Alibweka mpaka jasho likamtiririka, akimsihi, "Hivi, baba. Fanya hivi." Siri alimtazama, kisha akajilaza na kuificha pua yake kati ya miguu, akitetemeka, kwa sababu maisha yake yote fimbo ilikuwa ikifuata sauti. Waliopita njiani wakasikia mbwa akibweka kwa Mdoe walijua kuwa ni Mdoe mwenyewe, wakaharakisha mwendo.

Mwantumu alivumilia siku nyingi. Hakumlaumu mumewe, kwa kuwa hata nguvu za kulaumu zilikuwa zimemwisha. Asubuhi moja akauacha mchi kinuni, akaenda akasimama nyuma yake, akaweka mkono juu ya bega lile lililolowa jasho. Maneno aliyoyasema waliyasikia waliokuwa nje ya ua, wakaenda nayo majumbani kwao.

"Inuka, Mdoe, inuka. Mbwa uliyemfunza kimya usimdai sauti."