Majogoo wa Bi Zamda

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana vyerehani vilikuwa vimekwisha kufika bara na watu wamevizoea, palikuwa na mwanamke mmoja jina lake Bi Zamda. Mumewe, Mzee Kibwana, alikuwa muuza nyama. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mrisho, mvulana aliyeanza kuota ndevu na kupungukiwa subira, Chiku, binti wa katikati, mwenye akili za kupita uani, na Sikuzani, kitinda mimba, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado yanadondoka.

Bi Zamda hakuwa fundi. Hilo tulielewe mapema tusije tukamdhulumu. Nguo za watu hakushona. Alirithi cherehani cha mkono kwa shangazi yake, akakipenda kuliko dhahabu, na aliowashonea ni wanawe tu, kwa raha ya nafsi yake. Akimaliza kupika na kusali adhuhuri, hukaa mkekani, akazungusha mkono wa cherehani huku anaimba kasida, na uso wake ukawa kama wa bibi harusi. Mwanamke mwema, mcha Mungu, sahani yake haikosi mgeni. Ila alikuwa na kasoro mbili, na ni nani asiye nazo? Ya kwanza, hakupenda kupima. Alisema, "Nimewazaa mwenyewe, niwapime kwa futi kama mbao?" Ya pili, hakupenda kufumua. Alichoshona ameshona.

Basi kazi yake ilikwenda hivi: alisema Bismillahi, akakata; hakupima, hakufumua. Na Bismillahi ni neno kubwa, ndugu zangu, lakini Mungu aliyempa mja ulimi ndiye aliyempa na futi.

Mumewe akionyeshwa nguo alisema, "Zimependeza," macho yakiwa kwenye kikombe cha kahawa. Majirani nao waliuliza, "Mama Mrisho, hii umeshona mwenyewe?" Naye aliitikia kwa furaha, hakutambua kuwa lile lilikuwa swali tu.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Ramadhani, Bi Zamda alinunua jora zima la kitambaa cha majogoo. Majogoo wekundu, kila mmoja amesimama kifua mbele anawika. Akasema mwaka huu watoto wote watatu watavaa sare siku ya Idi, na mji utajua kuwa wana mama.

Akachukua kitambaa cha suruali ya Mrisho. Akasema Bismillahi, akakata, hakupima, hakufumua. Suruali ikatoka na miguu miwili, alhamdulillahi, lakini yote miwili ya kushoto.

Akachukua kitambaa cha gauni la Chiku. Akasema Bismillahi, akakata, hakupima, hakufumua. Sketi ya gauni ikatoka na marinda mazuri, lakini majogoo wote wako vichwa chini, miguu juu, kama kuku waliofungwa kupelekwa sokoni.

Akachukua kitambaa cha gauni la Sikuzani. Akasema Bismillahi, akakata, hakupima, hakufumua. Gauni likatoka zuri kila mahali isipokuwa shingo. Shingo ile ingeenea mkononi.

Sasa sikilizeni walivyofanya watoto hao, kila mmoja kwa njia yake.

Mrisho alijaribu suruali chumbani. Akipiga hatua kuelekea msikitini, mguu mmoja wa suruali ulielekea sokoni. Akatoka nayo mkononi, akasimama mbele ya mama yake, akasema taratibu, "Mama, nisamehe. Mimi mguu wa kushoto ninao mmoja tu."

Bi Zamda alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Akamwambia kuwa shukrani ya punda ni mateke, akaitupa suruali sandukuni, akamnunia Idi nzima. Mrisho akaenda kuswali na kanzu ya mwaka juzi. Pilau akapakuliwa mwisho, ukoko mtupu.

Chiku yeye hakusema kitu. Alilitia gauni lake kikapuni, akapita uani mpaka barazani kwa Fundi Mashaka, mshona nguo wa mtaani. Fundi alilitazama, akalipindua, akauliza nani kashona. Chiku akasema mama. Fundi akavuta pumzi, akasema, "Basi tumtangulize Mungu." Akaifumua sketi kiunoni, akaigeuza juu chini, akaishona tena, na majogoo wakasimama. Ujira Chiku alilipa kwa mikono yake: kila akitoka chuoni kusoma Kurani, naye amefunga, aliinama barazani kushona vifungo vya nguo za watu. Kisha akalirudisha gauni kimyakimya.

Siku ya Idi Bi Zamda alipoliona likimeremeta mwilini mwa bintiye, hakushangaa hata kidogo. Alijisemea moyoni kwamba mkono wake sasa umeiva.

Na Sikuzani? Sikuzani alivaa. Mzee Kibwana alimshika mabega, Chiku akavuta chini, wakampaka mafuta ya nazi masikioni, na kichwa kikapita. Kutoka hakikutoka mpaka Idi ilipokwisha. Alishinda nalo, akalala nalo, Idi mosi, Idi pili, na Idi ya tatu, shingo imemnyanyuka kama twiga, na watu wakadhani ni mtindo wa mjini. Akiulizwa, alisema, "Kanishonea mama," akatabasamu kwa mapengo yake.

Basi haikupita muda, jirani yao Bi Mgeni akabisha hodi. Alikuwa anaoza binti yake, Shufaa. Alileta kitambaa cha hariri ya kijani, kimefungwa kwenye shuka safi. Akasema ameliona gauni la Chiku uwanjani siku ya Idi, amelizunguka mara mbili, na harusi ya mwanawe haishonwi na mtu mwingine.

Hapo ndipo nafsi ilipomponza Bi Zamda. Alijua yeye si fundi. Moyo ulimwambia kataa. Lakini sifa ni tamu kuliko halua, na mdomo ukajibu wenyewe, "Niachie mie, dada."

Alipotoka mgeni, akaitandaza hariri mkekani. Akasema Bismillahi, akafungua mkasi. Chiku akatoka jikoni mbio, akaja akakaa juu ya kitambaa.

"Ondoka, mwanangu, nikate."

"Siondoki, Mama. Lile gauni langu alilitengeneza Fundi Mashaka."

Bi Zamda akacheka, akasema mtoto huyu ana homa. Chiku akalileta gauni, akaligeuza ndani nje, akamwonyesha kiunoni.

"Mshono huu si wako."

"Umejuaje si wangu?"

"Umenyooka, Mama."

Bi Zamda akaweka mkasi chini. Kisha akaenda sandukuni, akaitoa suruali ya Mrisho, akaitandaza mkekani. Miguu miwili imeelekea upande mmoja, kama waumini wanaoelekea kibla. Ni jambo la heri kwa sala, si kwa suruali. Akamwita Sikuzani, akamtazama shingoni: alama nyekundu ilikuwa ingali pale, mfano wa ushanga.

Akalia kidogo, akatawadha, akasali rakaa mbili. Halafu akajitanda, akaenda kwa Bi Mgeni kuungama yote: majogoo, fundi, na kiburi chake mwenyewe. Bi Mgeni alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Dada yangu, mkono ulioizuia hariri yangu isiharibike nao umefanya kazi." Wakaipeleka hariri kwa Fundi Mashaka, na vazi la bibi harusi likatoka zuri ajabu.

Kikabaki kipande. Nanyi mnajua ada: kipande kinachobaki ni haki ya mshonaji. Fundi akasema si haki yake, kwani kitambaa alikabidhiwa Bi Zamda. Bi Mgeni akasema chukua, dada. Na Fundi akaongeza kwamba kinatosha nguo ya mtoto mmoja, shati au gauni, naye ataishona bure kwa thawabu. Aletewe mtoto ampime.

Bi Zamda akarudi nyumbani moyo umejaa. Na moyo uliojaa humwaga. Akawaita wanawe akasema, "Wallahi, hariri hii namvika yule kati yenu aliyenipenda zaidi katika jambo hili. Wawili waliobaki nitawashonea mimi."

Watoto wakageuza macho pembeni. Jora la majogoo lilikuwa limeegemea ukuta, nusu yake bado.

Mrisho akatangulia. "Mama, ni mimi. Kweli nilikwambia mimi peke yangu, usoni, nikijua utanuna. Ukanuna, nikala ukoko. Lakini uliposhika mkasi wa hariri, ni suruali yangu iliyokufungua macho. Asiyekupenda angekuacha ukate."

Chiku akamwambia, "Kaka, wewe ulisema kweli kwa ajili ya miguu yako. Mimi niliinama barazani nimefunga, sindano ikanitoboa vidole vikawa kama chujio, ili Mama asichekwe. Na sifa zote akapata yeye."

"Na sifa hizo ndizo zilizoleta hariri ya watu mkekani kwetu," akasema Mrisho. "Uongo wako ungetuaibisha harusi nzima."

"Nikaukalia kwa makalio yangu. Umesahau?"

Sikuzani akavuta nguo ya mama yake. "Mimi nilivaa."

Wale wakubwa wakacheka. Mrisho akasema, "Hukuvaa wewe, ulinaswa."

"Baba alileta mkasi akate shingo. Nikakataa."

Wote wakamgeukia Mzee Kibwana. Mzee akakohoa, akakiri kuwa ni kweli: Idi pili, mama yao alipokwenda kutembelea wazee, yeye alimfuata mtoto na mkasi, na mtoto akaishika shingo ya gauni kwa mikono miwili, akakimbilia uvunguni.

Bi Zamda akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini, mwanangu? Lilikuwa linakuumiza."

"Ulikuwa unaimba ulipokuwa unalishona."

Kisha Mrisho, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akasema kwamba hayo ni mapenzi, hakatai, lakini kwa kimya cha namna ile Mama angeshona shingo zile mpaka wajukuu wazaliwe bila vichwa.

Bi Zamda akamgeukia mumewe. "Baba Mrisho, hukumu."

Mzee Kibwana akatafuta kikombe, hakukiona. "Mimi niache, mke wangu. Miaka yote nilisema zimependeza. Sikusema kwa kukupenda wala kwa kukuchukia. Nilikuwa naogopa." Akachukua kisu chake, akasema kuna mbuzi wa harusi anamngoja, akatoka.

Mwanamke yule akabaki na kipande cha hariri mapajani. Akamtazama aliyemwambia kweli: bila yeye asingejijua. Akamtazama aliyemsitiri: bila yeye angechekwa na mji mzima, na ni yeye aliyejiumbua mwenyewe ili kumwokoa. Akamtazama aliyeumia kwa ajili ya wimbo wake. Kiapo amekwisha kula. Kafara ya kukivunja anaijua: angeweza kufunga siku chache yakaisha. Lakini aliona haya, maana maisha yake yote alikata bila kupima, na hata kiapo hiki alikikata vilevile. Hiki, akasema, nitakipima.

Akawachukua wote watatu mpaka barazani. Fundi Mashaka akasimama, akaivua futi shingoni, akaikunjua, akauliza, "Haya, Bi Zamda, ni yupi?"

Na Bi Zamda angali amesimama pale barazani, enyi mnaonisikiliza. Harusi ni Ijumaa, na jora la majogoo liko nyumbani linawangoja wawili. Msisite, mwambieni: je, futi ile imzunguke nani?