Namba Tisa Ukutani

Ndugu zangu wa usharika, kabla sijawaambia jambo lililonisimamisha mbele yenu asubuhi hii, naomba niwapitishe kwanza katika mji mmoja wa reli, mbele ya ukuta mmoja uliopakwa rangi. Mji huo sitautaja. Watu wake nao sitawataja majina, kwa sababu wengine wao wako hai na wengine wana ndugu humu ndani. Tarehe, lakini, nitazitaja, maana mimi nilimaliza darasa la nane mwaka 1963, zama ambazo mwanafunzi akikosea tarehe ya barua aliiandika upya barua nzima.

Katika mji huo lilikuwapo tawi la mashabiki wa mpira wa miguu. Msidhani nasema kundi la wapiga kelele. Nasema tawi: lina mwenyekiti, lina katibu, lina mjumbe wa akina mama, lina bendera na mhuri, na lina chumba chake chenye ukuta mrefu unaotazamana na stesheni. Walikuwa watu wenye fahari, na fahari yao ilikuwa na sababu. Tangu tawi lifunguliwe mwaka 1979 hawakuwahi kuiacha timu yao icheze peke yake, nyumbani wala ugenini, mvua inyeshe au jua liwake. Na katibu wao alikuwa na fahari yake ya pekee, nayo ni kitabu cha kumbukumbu. Aliandika kila kikao kwa kalamu ya wino. Mwenyekiti angepiga chafya baada ya kikao kufunguliwa, chafya hiyo ingeingia kitabuni.

Mwaka 2001 klabu yao ikamsajili mchezaji kutoka ng'ambo ya ziwa. Bei yake ilitisha. Kwa fedha ileile klabu ingeweza kununua basi, na basi klabu haikuwa nalo. Timu ilisafiri kwa lori la kukodi, wachezaji wameketi juu ya mabegi yao. Lakini niambieni ninyi: nani atalilia basi akiwa ameahidiwa mfungaji?

Tawi halikungoja. Siku nne kabla mgeni hajafika, mchoraji wa mabango aliitwa, akapewa ukuta wote.

"Sura yake ikoje?" akauliza mchoraji.

"Hata sisi hatujamwona," akajibu mwenyekiti. "Wewe chora sura ya mtu anayefunga mabao."

Akachora. Mtu mrefu kama mlango, mguu hewani, ameupa mji mgongo, na mgongoni namba tisa kubwa, nyekundu. Chini yake maneno mawili: MFUNGAJI WETU. Abiria waliochungulia madirishani walimwona kabla treni haijasimama.

Jumamosi, tarehe 14 Julai 2001, mgeni akashuka kutoka katika treni hiyo. Alikuwa mfupi. Tena mwembamba, mpole, na begi lake alilibeba mwenyewe. Mjumbe wa akina mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Wakampeleka tawini, wakamkalisha chini ya bendera, wakamwekea soda. Akaombwa aseme neno. Alisimama, akautazama ule ukuta kwa muda, akasema maneno machache kwa Kiswahili cha kwao. Wajumbe wakafurahi sana, wakampigia makofi. Kisha klabu ikamvalisha namba tisa, na msimu ukaanza.

Mchezo wa kwanza hakufunga. Wa pili hakufunga. Wa tatu alifunga, lakini mpira ulimgonga begani yeye mwenyewe akitazama kwingine. Na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi mno. Hakukaa mbele. Kila mara alirudi katikati ya uwanja, akamnyang'anya adui mpira, akampasia mwenzake. Hapo jukwaa zima la tawi lilisimama.

"Panda! Panda wewe! Huko nyuma unatafuta nini, umeangusha ufunguo?"

Na mashabiki wa upande wa pili, ambao habari za bei walikuwa nazo, wakajibu kwa wimbo: "Basi lenu limezima! Shukeni msukume!"

Ndugu zangu, maneno kama hayo huingia mpaka kwenye mfupa. Mtu mwenye fahari anaweza kuvumilia kufungwa; kuchekwa hawezi. Ikafika Jumanne, tarehe 16 Aprili 2002, mchezaji yule akapita mbele ya ukuta kwenda stesheni, begi mkononi. Hakusindikizwa na mtu. Tawi likampa jina moja tu la kumkumbukia: Garasa, yaani ile karata isiyohesabiwa chochote mchezo ukiisha. Msinitazame hivyo, wazee wa kanisa. Karata nilicheza kabla ya kipaimara.

Baadaye ikasikika kwamba huko alikokwenda amekuwa nahodha wa timu, na ameshika unahodha miaka sita. Tawini wakasema waganga wa huko ni wakali.

Sasa sikilizeni vizuri. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, saa kumi za alasiri. Barua ilikuwa imefika kutoka kwa uongozi wa klabu. Klabu ilitafuta kocha wa timu ya vijana, na miongoni mwa walioomba kazi hiyo alikuwamo Garasa. Naye hakuomba kwa ajili ya kujifurahisha: goti lilikuwa limekwisha kumtoa uwanjani, timu yake ya mwisho ilikuwa imevunjwa, na barua ilieleza kwamba ana watoto wanne na hana kazi. Uongozi ulisema wazi kwamba tawi likimkataa, hataajiriwa, kwa kuwa hawataki fujo jukwaani. Mkate wa mtu mmoja ulikuwa juu ya meza ya tawi.

Na wao walifanya nini? Walicheka mpaka wakafuta machozi.

"Mfungaji wetu amerudi!" akasema mjumbe wa akina mama, ambaye sasa alikuwa bibi wa wajukuu tisa. "Safari hii atafunga kwa bega la kushoto."

"Katibu, andika," akasema mwenyekiti. "Tawi linakumbuka kwa uchungu mchezaji huyu, aliyefika mwaka 2000 na kutudanganya..."

"Mwaka 2001, Mwenyekiti."

"Elfu mbili, bwana. Mimi ndiye niliyempokea begi."

"Begi alilibeba mwenyewe. Na ilikuwa mwaka 2001, tarehe 14 Julai, siku ya Jumamosi."

"Wee katibu, uzee huo! Ulete basi hicho kitabu chako!"

Mngemwona katibu anavyoinuka! Hakuna jambo alilolipenda duniani kuliko kubishiwa tarehe. Akafungua kabati, akavipanga vitabu mezani, akakitwaa cha mwaka ule, akalowesha kidole, akafunua. Akakigeuza kitabu kidogo ili kila mtu aone tarehe. Tarehe 14 Julai 2001. Wakampigia makofi. Mwenyekiti akainua mikono, akasema, "Tarehe umenishinda. Haya, funga kitabu, tumalize barua."

Lakini kidole cha katibu kilikuwa kimekwisha kushuka mpaka mstari wa tatu, na hapo kikakwama.

"Katibu, mbona umenyamaza?" akauliza yule mama. "Umemeza kalamu?"

Nawauliza, ndugu zangu: ninyi mngefanya nini? Kitabu ni chake. Kingefungwa tu, na siku ingeisha kwa makofi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzisoma kurasa zile, na hakuna ambaye angezisoma. Katibu akavaa miwani yake upya, akasoma kwa sauti ya kikao:

"Mgeni alishukuru kwa mapokezi. Alieleza kwamba yeye si mfungaji, bali ni kiungo. Kazi yake ni kunyang'anya mpira katikati na kuwapa wafungaji, na kwamba asingependa kuvaa namba tisa. Wajumbe walicheka, wakausifu unyenyekevu wake. Katibu alitoa hoja kwamba, kwa kuwa ukuta umekwisha kupakwa rangi, klabu iombwe kumvalisha mgeni namba tisa. Hoja ilipita kwa kauli moja."

Ilisikika injini ya treni ikipangapanga mabehewa stesheni.

"Kwa hiyo alituambia," akasema yule mama, taratibu.

"Alituambia."

"Siku ile ile ya kwanza?"

"Soda zikiwa bado mezani."

"Na sisi?"

"Tulicheka, mama. Imeandikwa."

Mwenyekiti akakohoa. "Mstari huo uruke. Au ufute kabisa, ni wa zamani."

Katibu akasimama. Alikuwa mtu mfupi, lakini siku hiyo wanasema alikuwa mrefu kuliko yule wa ukutani. "Mwenyekiti, kwa heshima. Kumbukumbu zilizothibitishwa na kikao hazifutwi. Hoja ni yangu, na jina langu limo. Saini iliyo chini yake ni ya kwako. Nimeandika vitabu hivi miaka arobaini bila kuongeza wala kupunguza, na leo sitaanza."

Mwenyekiti aliinama, akaitazama saini yake. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na katibu, akasema, "Andika basi. Tawi linakumbuka mchezaji huyu. Alitueleza kazi yake tangu siku ya kwanza, nasi hatukumsikia. Tunaomba aajiriwe." Halafu akaongeza, "Na uongeze kwamba tunaomba radhi. Usiandike kwa kifupi."

Tarehe 7 Septemba mwaka huo yule mtu akashuka tena kutoka katika treni, mvi kichwani, anachechemea. Begi safari hii alilibeba mwenyekiti, ingawa lilimzidi nguvu. Walipofika mbele ya tawi mgeni akasimama, kama alivyosimama zamani. Ukuta wote ulikuwa mweupe. Walikuwa wamepaka chokaa, mwanzo mpaka mwisho.

"Mama," akamwuliza yule bibi wa vigelegele, "safari hii mutachora nani?"

"Hatuchori mtu, mwanangu. Tunangoja kwanza useme."

Ndugu zangu, mtaniuliza: Mzee, umejuaje yaliyokuwamo katika mstari wa tatu wa kitabu ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukisoma? Ninajua kwa sababu mwandiko ule ni wangu. Na hoja ile ya ukuta ni yangu mimi, karani mliyemzoea, ambaye miaka thelathini na mbili ofisini sikuwahi kupoteza jalada hata moja. Nilimwandika mtu neno kwa neno, na sikumsikia hata neno moja. Masikio yangu yalifika mpaka kwenye kalamu, yakaishia hapo.

Hata hivyo sisimami hapa kwa kuona haya. Nasimama kwa fahari, tena kubwa. Nilikuwamo chumbani siku ambayo watu wenye majivuno yao, mashabiki wa mpira, watu ambao baadhi yetu humu tunawaita wahuni, walisoma kosa lao kwa sauti, wakalitia saini mara ya pili. Je, sisi tunaojiita watu wa Mungu tumewahi kufanya hivyo katika baraza letu? Katika nyumba zetu je?

Kwa maana sisi nasi tuna kuta. Mama amemchora mkwe wake kabla harusi haijafungwa: anaamka kabla ya jogoo, anapika kama yeye, anacheka kwa adabu. Binti wa watu akisema, "Mama, mimi nimezoea kufanya kazi ofisini," tunacheka, tunasema ana utani. Baba amemchora mwanawe daktari, na mtoto tangu darasa la tatu anaranda mbao uani. Kisha miaka inapita, tunaketi barazani, tunasimuliana habari za magarasa yetu. Mkwe garasa. Mtoto garasa. Lakini aliyewavalisha namba ile ni nani? Walipokuwa wanarudi katikati, mahali Mungu alipowapangia, ni nani aliyesimama jukwaani akapiga kelele, "Panda"?

Sasa nafika kwenye jambo lililonisimamisha. Jumapili ijayo, tarehe 30 Januari, tunampokea mchungaji wetu mpya. Wiki tatu hizi nimepita huku na huku, nimesikia jinsi tulivyokwisha kumchora. Kwaya wamemchora na sauti ya besi. Vijana wamemchora na gitaa. Kamati ya ujenzi wamemchora ameshika nyundo, mnara umekwisha, kengele inalia. Na mimi, katibu wa baraza la wazee, nilikuwa nimekwisha kumwandalia orodha ya kazi, kurasa nne, kwa wino. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

Orodha yangu niliichana jana, na niliandika tarehe niliyoichana.

Ndugu zangu, chokaa ni rahisi kupatikana, na siku sita zinatosha kupaka ukuta wowote. Jumapili ijayo mtu yule atasimama hapa niliposimama mimi, atutazame, aseme maneno yake machache kuhusu kazi aliyoitiwa. Kitabu kitakuwa wazi mezani nami nitakuwa nikiandika. Nawaomba jambo moja tu: atakapokuwa akisema, mtu asicheke.