Pimbi na Mistari ya Ufagio

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakianika nguo kambani na kuombana chumvi, palikuwa na shule chini ya mlima. Mwalimu alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu na subira ndefu zaidi. Darasani mwake alisoma Pimbi, mdogo kuliko wote. Mama yake alikuwa ameyaacha mapango ya ukoo wao akahamia bondeni, ili tu mwanawe asome. Likumbukeni hilo, wanangu, maana ndilo lililomuuma Pimbi baadaye.

Juma moja Korongo alikuwa akiwafundisha kumtambua mhalifu kwa alama anazoacha: nyayo, manyoya, alama za meno. Akaona maneno matupu hayatoshi, afadhali waigize wizi. Akamwita Pimbi pembeni na kumnong'oneza kwamba yeye ndiye atakuwa mwizi. Achukue mtungi wa asali ya sherehe ya wazazi, aufiche nyuma ya kichuguu, na aache alama za wazi ili wenzake wamtafute.

Pimbi alijiona mkubwa siku hiyo. Alikanyaga vumbi kwa nguvu, akajisugua mlangoni mpaka manyoya yakabaki, akang'ata kipande cha muhogo na kukitupa njiani.

Asubuhi darasa lilitoka kuchunguza. Nyati, ambaye ndiye kiranja, alipima nyayo kwa kamba. Fisi alinusa huku na huku, fyu, fyu, akaokota manyoya. Haikuchukua muda wakasema mwizi ni Pimbi, na mtungi wakaukuta. Korongo alicheka kwa furaha, akafunua kifuniko.

Mtungi ulikuwa mkavu, umelambwa mpaka chini.

Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia Pimbi.

"Mwalimu, wewe mwenyewe umetufundisha," Fisi alisema kwa upole. "Nyayo zake, manyoya yake, meno yake. Tunataka nini tena?"

Pimbi akajitetea kwamba ulikuwa mchezo, naye mtungi aliuacha umejaa. Nyati akajibu kuwa mchezo haulambi asali. Korongo aliinamisha shingo. Aliamini Pimbi aliigiza, lakini angejuaje kwamba hakuonja? Na kanuni ya shule aliitunga mwenyewe: mwizi hasomi hapa.

Pimbi alimfikiria mama yake akifunga mizigo kurudi mapangoni. Akaomba kitu kimoja tu, apaangalie pale kichuguuni mara ya mwisho.

Alipofika akainama kuchunguza. Mbali na pale wenzake walipokanyaga asubuhi, ardhi yote ilikuwa imefagiwa, isipokuwa pale zilipokuwa nyayo zake. Nani anayefagia uwanja akizizunguka nyayo za mwenzake? Ni yule anayezifuta zake na kutaka hizo nyingine zionekane.

Kisha akaona jambo jingine. Kila asubuhi wanafunzi hufagia uwanja wa shule kwa mkono wa kulia, na mistari ya ufagio hulala upande mmoja. Hapa mistari ililala kinyume. Aliyefagia alishika ufagio kwa kushoto.

Lakini nani? Wote walikuwa wamekanywa na mama zao tangu utotoni, wasile wala kupokea kitu kwa kushoto. Mwenye mkono huo aliuficha. Akiulizwa, atakataa.

Pimbi akarudi darasani amejikunyata. Alisema yuko tayari kuondoka, ila hataki kuondoka na kinyongo. Alikuwa na mapera mfukoni, na angependa kuwaachia wenzake. Hata Nyati akaingiwa na huruma.

"Nyati, daka!" Pwa! Nyati akadaka kwa kulia.

"Nyani, daka!" Pwa! Kwa kulia.

"Fisi, daka!"

Pera liliruka kasi kama jiwe la kombeo. Pwa! Fisi alilidaka kwa kushoto, akatabasamu, kisha akauona mkono wake mwenyewe na tabasamu likamwisha. Akaufichia mgongoni, pera na yote.

Pimbi akaeleza aliyoyaona kichuguuni. Korongo akachukua ufagio wa chelewa akampa Fisi, akamwomba afagie mbele ya mlango. Fisi alishika kwa kulia. Chwa, chwa. Vumbi likaruka ovyo, mistari ikaenda mshazari, nusura ajifagie miguu.

"Tumia mkono wako, mwanangu," Korongo alisema.

Fisi alisita, akabadilisha mkono. Chwaa, chwaa, chwaa. Mistari ikalala safi, sawasawa na ile ya kichuguuni. Hapo akaketi chini na kukiri kwamba alimwona Pimbi akificha mtungi, na tamaa ikamshinda.

"Mkono wako hauna kosa," Korongo alimwambia. "Kosa ni kula asali kisha kufuta nyayo zako, ukaziacha za mwenzako peke yake. Na langu ni kwamba nilikaribia kuziamini."

Pimbi ndiye aliyeomba Fisi asifukuzwe, kwa sababu alijua sasa inavyouma. Korongo akakubali, akaifuta ile kanuni yake. Fisi alitumwa porini kutafuta asali nyingine, na nyuki wakampokea wanavyojua wao. Jioni alirudi na mtungi uliojaa na uso uliovimba, akaufikisha kwa Pimbi kwa mkono wake wa kushoto, na Pimbi akaupokea.

Basi wanangu, alama hutuambia nani alipita, lakini alichofanya lazima tukiulize zaidi kabla ya kumhukumu.