Semeni na Wachumba wa Chemchemi

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa wakipeleka posa na kugombana na mawifi zao kama sisi, palikuwa na paa mmoja aitwaye Semeni. Mama yake aliliwa na Chui. Baba yake hakumjua. Alichoachiwa ni kibanda cha nyasi na, nyuma ya kibanda, chemchemi ndogo iliyotoka katika ufa wa mwamba: bubu, bubu, bubu, haikomi.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mto ukabaki mchanga mtupu. Maji yakawa pahali pawili tu: kwa Semeni, na katika bwawa la Bi Mamba, mjane mwenye meno ambaye hakuna aliyethubutu kumpigia hodi.

Basi Semeni, ambaye miaka yote hakuna aliyemtupia jicho, ghafla akawa mzuri!

Bwana Kifaru akatuma mshenga. Bwana Nyati akaja mwenyewe, kifua mbele, pembe amezipaka mafuta zinameremeta.

"Semeni," Nyati akasema, sauti imelainika kama uji, "mimi sitaki kitu. Hata ungekuwa fukara wa kulala juu ya miiba, ningekuoa wewe, wewe tu."

Semeni akatazama chini, akachora ardhi kwa kwato. Moyo ulikuwa ukimruka. Nyati akapita nyuma ya nyumba, akanywa gubu, gubu, gubu, akaenda zake.

Semeni akakimbia mbio mpaka kwa Bi Nguchiro. Huyu alikuwa shoga wa marehemu mama yake, mwili mdogo kama mwiko, na ndiye somo aliyekuwa amfunde Semeni siku ya ndoa.

"Somo, nimepata mume! Nyati! Amesema hataki kitu, ananitaka mimi!"

Bi Nguchiro alikuwa akiwachambua watoto wake kupe. "Alipokuwa akisema hayo, alikuwa akitazama wapi?"

Semeni akafikiri. "Alikuwa akitazama... nyuma yangu."

"Nyuma yako kuna nini?"

"Mwamba."

"Na kwenye mwamba?"

Hapo Semeni akaelewa. Kisha hasira zikampanda. "Una wivu wewe! Kwa kuwa mumeo alikukimbia!"

"Kweli, alinikimbia," Bi Nguchiro akasema taratibu. "Ndiyo maana nakijua kisogo cha mume. Nipe siku moja tu, mwanangu. Nikiwa mwongo, nitakuchezea ngoma mwenyewe mpaka mgongo unikatike."

Asubuhi yake Bi Nguchiro akatafuta jiwe bapa, akalitia katika ufa wa mwamba. Akaongeza udongo, akaongeza nyasi, akashindilia: pu! pu! pu! Chemchemi ikasema bubu... bu... kisha kimya. Mpaka jua linapanda, pale chini pamekauka kama ngozi ya ngoma.

Akatundika mkeka ndani ya kibanda, akamketisha Semeni nyuma yake. "Ukikohoa, umeharibu," akamwonya. Kisha akaenda kumwita Nyati, na Kifaru naye akampelekea habari.

Nyati akaja mbio, vumbi timtimtim!

"Hongera, bwana," akasema Bi Nguchiro. "Semeni amekubali. Harusi leo leo."

"Lo! Mke wangu! Roho yangu!" Nyati akaruka, nchi ikatikisika. "Ngoja ninywe funda moja la furaha."

Akazunguka nyuma. Akakaa huko kitambo. Aliporudi, mdomo ulikuwa wazi na ulimi mkavu.

"Maji yako wapi?"

"Ah, hayo? Yamekauka leo alfajiri. Lakini bibi harusi yupo, mzima kabisa, anakungoja."

Nyati akameza mate. "Ee... unajua, shemeji, mama yangu anaumwa sana. Siwezi kuoa sasa."

"Mama yako? Si ulituambia alifariki?"

"Ndiyo! Tangu hapo hajapata nafuu!"

Nyuma ya mkeka, Semeni aliziba mdomo kwa kwato zote mbili. Nyati? Nyati huyu huyu wa jana? Alitaka kusema moyoni kwamba amesikia vibaya, ila sauti ilikuwa ile ile, uji ule ule, umechacha tu.

Hajapumua vizuri, Kifaru naye akaingia: kishindo du! du! du! Akakuta pakavu. Yeye hakujisumbua kutafuta mama wa kumuuguza.

"Sasa mnaniozesha nini?" akafoka. "Vile vimiguu vya njiti? Mke wa nani, wangu mimi? Kwa lipi?"

"Si ulisema unampenda, bwana?"

"Nilisema! Kusema kwataka nini?"

Salaale! Semeni akahisi masikio yanamuwaka moto. Hakulia. Ule mshtuko ulikuwa umepita mahali pa machozi.

Bi Nguchiro akawaita wote wawili pembeni ya njia, akawanong'oneza kama anayegawa siri ya ukoo. "Basi nisikilizeni. Maji hayajapotea. Yamepita chini kwa chini, yameingia bwawani kwa Bi Mamba. Na yule maskini, tangu awe mjane, analia upweke. Juzi kaniambia, 'Shoga, wa kwanza kunitamkia neno zuri, ndiye.'"

"Meno yake je?" Kifaru akauliza.

"Mwanamke mwenye mume hana haja ya meno."

Hawakuaga. Walikimbia bega kwa bega, wakisukumana, huyu akimkanyaga yule. Bi Nguchiro akamvuta Semeni, wakapita njia ya mkato, wakajificha nyuma ya kichaka kinene karibu na bwawa.

Nyati ndiye aliyetangulia kufika. Akasimama ukingoni, akalainisha koo. "Bi Mamba! Mimi sitaki kitu! Hata ungekuwa fukara wa kulala juu ya miiba, ningekuoa wewe, wewe tu!"

Semeni akatoa macho. "Maneno yangu!" akanong'ona. "Somo, hayo ni maneno yangu!"

"Yalikuwa ya kuazima, mwanangu."

"Mwongo huyo!" Kifaru akapiga kelele. "Mimi ndiye ninayekupenda, Bi Mamba! Tangu utotoni!"

Maji yakatulia. Kisha macho mawili yakaibuka, polepole. "Wachumba wawili siku moja?" Bi Mamba akasema. "Na mimi sijala tangu mwezi uandame. Sogeeni basi, nisikie vizuri, masikio yangu mazito."

Wakasogea. Wakasogea tena, kila mmoja akitaka kuwa mbele.

Chwaaa! Chap!

"Mamaaa! Mkia wangu!"

Chap!

"Sikio! Sikio langu!"

Walitoka pale kama mawe yaliyorushwa. Nyati alibaki na nusu mkia, Kifaru akawa wa sikio moja, na nyuma yao Bi Mamba akiita, "Rudini, wapenzi! Bado hatujapanga siku!" Hawakuonekana tena upande ule wa mwitu.

Bi Nguchiro alicheka mpaka akaanguka chali. Semeni hakucheka. Walirudi nyumbani, wakafukua udongo, wakalitoa jiwe, na maji yakarudi kububujika. Semeni akayatazama kama anayaona mara ya kwanza.

"Alinidanganya," akasema.

"Alikudanganya. Na wewe, mwanangu, kwake ulipenda nini?"

"Mimi? Nilimpenda yeye!"

"Yeye gani? Tabia yake? Mazungumzo yake? Mlikwisha kuzungumza habari gani?"

Semeni akaketi kando ya maji. Akafikiri. Akaiona tena picha iliyokuwa imemjaa kichwani tangu jana: Nyati amesimama mlangoni, na Chui anageuza njia.

"Pembe," akasema polepole. Akashtuka kwa sauti yake mwenyewe. "Masalale! Somo, nilitaka pembe! Yeye alitaka maji, mimi nilitaka pembe!"

"Ehee."

"Basi mimi na yeye tuna tofauti gani?"

"Yeye alijua anachotaka," Bi Nguchiro akasema.

Semeni akageuka, akamkazia macho. "Na wewe je? Kwa nini umehangaika hivi kwa ajili yangu?"

Bi Nguchiro akajikuna shingo. "Nilimpenda mama yako, na wewe nakupenda. Tena Kifaru angehamia hapa angewakanyaga watoto wangu shimoni. Yote mawili, mwanangu. Sikufichi."

Zikapita siku. Akaja Pongo, swala kijana wa ng'ambo ya bonde, hana mafuta kwenye pembe, mbavu zinahesabika. Bi Nguchiro alikuwepo, masikio wima, tayari kwa hila nyingine.

"Unataka nini hapa?" Semeni akamuuliza, kabla hajaketi.

Pongo akababaika. "Maji. Kwetu tunakufa kwa kiu." Akasita, akainamisha kichwa. "Juzi nilikuja kunywa, nikakukuta unaimba huku unafagia. Nikasahau kunywa, nikaondoka na kiu yangu. Leo nimerudi, na sijui nimefuata lipi."

Semeni akamtazama. Pongo alikuwa akimtazama yeye, wala si mwamba.

"Mimi naogopa Chui," Semeni akasema. "Nataka mtu wa kulinda naye zamu. Siwezi kukuambia nakupenda, kwa kuwa sikujui."

"Pembe zangu ni fupi."

"Nimeziona. Macho unayo?"

"Ninayo mawili."

"Basi kaa, unywe, tuzungumze. Ukitaka kurudi kesho, rudi. Na watu wenu waje wanywe, ukinioa usinioe."

Bi Nguchiro, bingwa wa hila wa mwitu mzima, akabaki mdomo wazi mpaka nzi akaingia. Posa ya namna ile hakuwahi kuisikia! Pongo alirudi kesho yake, na keshokutwa, na mvua zilipokuja na maji yakajaa kila bonde, bado alikuwa akirudi. Hapo ndipo Semeni alipokubali, na ngoma ikachezwa.

Nami hadithi yangu naitua hapa chini, wanangu, aitakaye aiokote: anayekuposa muulize anataka nini, lakini kwanza jiulize mwenyewe.